Baridi yabisi, sonona na tiba ya mazungumzo kwa simu: yaliyonikuta mimi, mshonaji wa Ngamiani

Cherehani_Ngamiani

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mwezi huu nimeona watu wawili wakiuliza kama tiba ya mazungumzo inayotolewa kwa simu inaweza kumfaa mtu mwenye maradhi ya viungo aliyeelemewa na sonona, na mara zote mbili majibu yalikuwa ya mkato: mmoja aliambiwa ni utapeli, mwingine akaambiwa aswali zaidi. Mimi ninaswali, na tiba hiyo nimeipitia kwa wiki kumi na mbili, kwa hiyo naomba niwaeleze nilivyoiona, pamoja na pale iliposhindwa.

Nina miaka 47, ni mshonaji, na ninaishi Ngamiani hapa Tanga mjini. Baridi yabisi niliyo nayo si ile ya uzeeni inayotokana na gegedu kulika, bali ni ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Ilianzia kwenye vidole. Niliamka alfajiri mikono imekaza, ngumi haikunjiki, na mpaka saa nne asubuhi nilikuwa siwezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nilizunguka miaka miwili mizima nikichuliwa kwa mafuta ya karafuu, nikikatazwa maji ya baridi, nikiambiwa nimetegewa kitu mlangoni, hadi nilipopimwa na kuanzishiwa methotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulishuka sana, nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mtu wa Pwani anajua uzito wa shughuli. Jirani akiwa na harusi au msiba, wanawake hukusanyika uani kukuna nazi, kumenya vitunguu na kuchambua mchele, na huko ndiko ujirani unakopikwa pamoja na pilau. Mimi mkono wangu ulikuwa hauwezi tena kuzungusha kifuu juu ya meno ya mbuzi. Nikawa ninaketi kwenye jamvi kama mgeni mwalikwa, wenzangu wakifanya kazi mbele yangu, na niliporudi nyumbani nililia. Baadaye nikaacha kwenda. Halafu nikaacha kupokea nguo za Idd, nikaacha kikoba, na nikawa ninaamka saa tisa usiku na kuhesabu mbao za dari hadi adhana. Hata kusali nikiwa juu ya kiti kulinitia haya, ingawa ninajua fika kwamba mgonjwa ameruhusiwa. Niliona kwamba mtu asiyeweza kusujudu hana cha kujivunia.

Aliyeligundua jambo hili ni muuguzi wa kliniki niliyokwenda kupima damu, kwa kuwa methotreksati hutaka ini na chembe za damu zikaguliwe kila baada ya muda. Aliniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na nikapata 17 kati ya 27. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo si uvivu wala si upungufu wa imani, ni sonona, na kwamba ninaweza kusafiri kumwona mwanasaikolojia Dar es Salaam au kuzungumza naye kwa simu. Safari ya basi ya kilomita zipatazo 350 ingeyafunga magoti yangu hata kabla sijafika, basi nikachagua simu.

Utaratibu ulikuwa kikao kimoja cha dakika hamsini kila wiki, na katikati ya vikao kuna somo fupi la kusoma pamoja na kazi ya kufanya. Mwanasaikolojia niliyekuwa naye hakuniambia hata siku moja nifikirie mazuri. Alinitaka nitaje wazo moja linalonirudia, nikasema: "Nimekuwa mgeni kwenye shughuli za watu." Akauliza ninafanya nini likinijia, nikasema siendi. Akauliza nisipokwenda wenzangu husema nini. Nikasema husema ninaringa. Na wakishasema hivyo, nguo zao wanampelekea nani kushona? Nilinyamaza, kwa sababu mduara mzima ulikuwa mbele yangu na mimi ndiye niliyekuwa nikiuzungusha. Kazi ya wiki ile ikawa kwenda kwenye shughuli moja kwa saa moja tu na kuomba kazi ambayo mikono yangu inaiweza. Nikaomba daftari la michango. Sasa mtaani kwetu daftari ni langu, na wapo wanaoniogopa kwa sababu hiyo.

Somo lililonishinda muda mrefu zaidi ni la kugawa nguvu. Kabla ya hapo, siku nikiamka na nafuu nilikuwa ninashona kutwa nzima ili kufidia siku zilizopotea, kisha ninalala siku tatu. Alinitaka nishone nusu saa kisha nipumzike hata kama siumwi, yaani nipumzike kwa saa ya ukutani badala ya kwa maumivu. Jaribuni kumwambia hivyo mshonaji mwenye nguo za Idd mkononi!

Palipokuwa na tabu ni hapa. Kwanza, masomo yalitaka majibu ya kuandika, na vidole vyangu havipendi kioo cha simu. Niliomba nijibu kwa kurekodi sauti, wakakubali, lakini ilinibidi niombe mwenyewe, nikashangaa kwamba huduma kwa wagonjwa wa viungo haikulifikiria hilo tangu mwanzo. Pili, kikao kilipangwa saa mbili asubuhi, saa ambayo mwili wangu ni gogo. Tatu, nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na korido moja, na ukikohoa chumba cha kwanza utapewa pole kutoka cha mwisho. Nilihamishia kikao saa kumi jioni, nikawa ninapanda bajaji hadi Raskazone, ninakaa chini ya mvinje na vifaa vya masikioni, bahari ikivuma hadi mwanasaikolojia akawa ananiuliza kama mvua imeanza.

Mwishoni maswali yale tisa yalinipa alama 8. Maumivu yamebaki karibu vilevile, na asubuhi mikono bado inakaza, ingawa si hadi saa nne. Nimeona niseme wazi, ili asiwepo atakayesema baadaye kwamba niliahidi muujiza.

Mzee_wa_Muheza

Pole sana, binti yangu, na hongera kwa kuandika kwa uwazi. Ninakuuliza bila nia ya kukuvunja moyo: ikiwa maumivu yamebaki vilevile na vidole bado vinakaza, fedha ile umelipia nini? Kwa mtazamo wangu, mtu anayeumwa viungo ana haki ya kuhuzunika, na dawa ya huzuni yake ni kuondoa kinachomhuzunisha. Mtu akiwa na mwiba mguuni tunautoa mwiba, hatumpi mtu wa kuzungumza naye kuhusu mwiba.

Muuguzi_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni zuri, na ndilo walilokuwa wakiuliza hata madaktari kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu kidogo.

Mwiba wa baridi yabisi hautoki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, na takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake. Dawa tulizo nazo huyatuliza na hulinda viungo visiharibike, lakini haziyafuti. Kwa hiyo kusema sonona isubiri mpaka maradhi yaondoke ni kumwambia mgonjwa asubiri maisha yake yote.

Pili, sonona hii si huzuni ya kusikitikia ugonjwa peke yake. Kemikali ambazo kinga ya mwili huzitumia kuwasha moto viungoni, zile ziitwazo saitokini, hazibaki kwenye goti au kidole. Huzunguka na damu, na athari zake hufika hadi kwenye ubongo. Kila mtu amewahi kuionja hali hiyo akiwa na homa kali: hutaki kula, hutaki watu, huna hamu ya lolote. Mgonjwa wa baridi yabisi anaweza kuishi na kivuli cha hali hiyo kwa miezi. Sonona nayo humfanya mtu asilale, asijongee, na asahau au apuuze dawa zake, na hapo viungo huzidi. Yanalishana.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, yapo mapitio ya kitafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Uingereza, yaliyokusanya tafiti 72 zenye wagonjwa 13,189 wa baridi yabisi. Waliopimwa kwa mahojiano kamili ya kitabibu, asilimia 16.8 walikuwa na sonona kubwa. Waliopimwa kwa yale maswali tisa aliyoyataja dada, ni asilimia 38.8. Tofauti hiyo ina maana. Maswali tisa yanauliza kuhusu uchovu na usingizi, na mwenye baridi yabisi huchoka na hukosa usingizi hata kama roho yake iko sawa. Ndiyo maana alama peke yake si hukumu, na mtu asijipime kwa simu usiku kisha akajitangaza kuwa na sonona asubuhi. Alama kuanzia 10 ni ishara ya kukaa na mtaalamu akuulize vizuri.

Na kuhusu tiba yenyewe kutolewa kwa intaneti, ulifanyika utafiti Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 133 wa baridi yabisi ambao tayari walikuwa na dalili za kuelemewa kimawazo. Karibu nusu walipata masomo ya intaneti yakiwa na mwanasaikolojia anayewafuatilia kwa maandishi, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Wengine walibaki na matibabu ya kawaida tu. Wale wa kwanza walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Maumivu hayakupungua kwa namna ya kutajwa. Ukisoma tena alichoandika mshonaji wetu, utaona kwamba yaliyomkuta yanafanana sana na yaliyowakuta Waholanzi.

Naongeza mambo ya dawa, kwa kuwa mwanasaikolojia aliye mbali anaweza asiyaulize. Prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe ambayo wengi wenu mnaitumia, inaweza kubadilisha usingizi na hali ya moyo, na hata hivyo haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wenye baridi yabisi na huleta uchovu unaofanana na sonona, basi upimwe kwanza. Na mtu akiandikiwa fluoksetini kwa ajili ya sonona huku anameza diklofenaki kwa ajili ya maumivu, lazima amwambie daktari, kwa sababu zikikutana huongeza hatari ya tumbo kutoa damu.

Mwalimu_wa_Pangani

Naomba nichomeke neno dogo la lugha, nikitumaini kwamba halitaupotosha uzi. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kikavu. Jina la maradhi haya, kwa hiyo, ni baridi iliyo kavu, na limetoka katika tiba ya kale ya Wayunani waliyoirithi matabibu wa Kiislamu akiwemo Ibn Sina, ambao waligawa maumbile yote kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Katika tiba hiyo palikuwa na kiowevu cha mwili kilichoitwa sauda, yaani nyongo nyeusi, ambayo tabia yake ni baridi na ukavu, na sauda hiyohiyo ndiyo waliyoitaja kuwa chanzo cha huzuni isiyoondoka. Matabibu wale walikosea kuhusu nyongo. Lakini inanistaajabisha kwamba walikuwa wameyaweka maradhi ya viungo na maradhi ya huzuni katika chumba kimoja, na leo Muuguzi anatueleza kuhusu hizo saitokini zinazotembea baina ya goti na ubongo.

Muuguzi_Mstaafu

Ahsante, Mwalimu. Nimefanya kazi miaka 31 nikiliandika neno hilo kwenye mafaili bila kujua maana yake. Ninachoomba tu ni kwamba pasitokee mtu wa kuuza dawa ya kuondoa sauda humu ndani.

Cherehani_Ngamiani

Mzee wangu wa Muheza, nimelifikiria swali lako tangu jana. Nimelipia siku. Maumivu ninayo leo kama niliyokuwa nayo mwaka jana, lakini mwaka jana yalikuwa yakichukua kutwa nzima, na leo yanachukua sehemu yake na kuniachia iliyobaki. Ninashona saa tatu kwa siku, nikizigawa. Na kwa hesabu ya kawaida ya mshonaji, gharama ya kila kikao ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, chakula cha njiani na mahali pa kulala.

Kijana_wa_Chumbageni

Nimesita sana kuandika. Mimi ni mwanamume wa miaka 29, na maradhi yangu ni ya jamaa moja na haya lakini yanashika uti wa mgongo na nyonga. Mara nyingi huanza kwa vijana, nasi hatufikiriwi kabisa tunapotaja maumivu. Nilikuwa kibarua wa kupakua mizigo, kwa hiyo kila niliyemwambia mgongo unauma alinijibu kwamba ni mizigo. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mgongo uniume zaidi nikilala na unipe nafuu nikitembea, jambo ambalo maumivu ya mizigo hayafanyi.

Kuhusu tiba ya simu, mimi ninayo habari tofauti. Huduma niliyoipata, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa programu tu. Niliandika, ikajibu palepale, kwa maneno mazuri, na wiki ya kwanza nilifurahi. Usiku mmoja niliandika kwamba sioni sababu ya kuiona asubuhi. Jibu nililopata lilikuwa zoezi la kuvuta pumzi, na chini yake tangazo la kunitaka nilipie mwezi unaofuata. Niliizima simu. Aliyeniokoa ni mama yangu, ambaye hajui kusoma, aliyeona kwamba sijazima taa na akaja kuketi mlangoni bila kuniuliza kitu.

Dada Cherehani, yako ilifaa kwa sababu kulikuwa na mtu. Naomba wasomaji wasizichanganye.

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu, nimekusoma nikasimama kwanza. Nashukuru upo, na Mungu amzidishie mama yako.

Ulilolisema ndilo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Tafiti za tiba za intaneti kwa ujumla zimeonyesha kwamba zile zenye mtu anayefuatilia hushinda zile ambazo mgonjwa huachwa na masomo peke yake. Wengi wanaoachwa peke yao hukatika njiani. Na swali la tisa katika yale maswali linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Huduma yoyote inayouliza swali hilo ni lazima iwe na mtu wa kupokea jibu lake, na lazima ijue uko wapi na ni nani wako wa karibu wa kupigiwa simu. Mwanasaikolojia makini huyauliza hayo katika kikao cha kwanza kabisa.

Mtu akifikia pale ulipofikia usiku ule, simu haitoshi tena. Aamshe mtu nyumbani, asibaki peke yake, na wampeleke hospitali usiku huohuo. Kwa wa mjini ni Bombo, kwa wengine ni hospitali ya wilaya iliyo karibu. Wapo wanaoogopa kusema kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni iliandika jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwa na wazo na kulisema kwa muuguzi si kosa hata kidogo. Wengine wanaogopa kwa sababu huku kwetu mtu akitaja maradhi ya akili wanaomsikia humpeleka Lutindi kwa utani, kana kwamba hospitali ile iliyoko milimani Korogwe ni jela. Ni hospitali, na imewatunza watu tangu enzi za Wajerumani.

Mume_wa_Makorora

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mke wangu ana baridi yabisi mwaka wa sita huu, na mengi ya dada Cherehani ninayaona ndani ya nyumba yangu, isipokuwa kwamba yeye hasemi. Nina maswali mawili. Kwanza, ana simu ya kitochi; hiyo tiba inamhusu? Pili, mimi nifanye nini? Nimekuwa nikimfanyia kila kitu, hata kuchota maji na kupika, lakini kadiri ninavyomsaidia ndivyo anavyozidi kunyamaza.

Cherehani_Ngamiani

Kaka, swali la pili nitakujibu kama mgonjwa. Marehemu mume wangu alikuwa akininyang'anya kisu mkononi kwa mapenzi, nami niliona kwamba ninafukuzwa jikoni kwangu. Muulize ni kazi ipi anaitaka ibaki yake, hata kama ataifanya polepole, kisha umwachie hiyo na usimsimamie. Vifuniko vya chupa mfungulie bila kusubiri akuombe. Hakuna mwanamke mwenye vidole vibovu anayependa kuomba afunguliwe chupa mara kumi kwa siku. Na usimwambie "jikaze".

Muuguzi_Mstaafu

Kwa swali la kwanza: simu ya kitochi inapiga na kupokea, na kikao cha sauti tupu ni kikao. Atakosa masomo ya kusoma, ambayo mtu anaweza kumsomea au yakaandikwa kwenye daftari.

Nikupe mfano wa wenzetu wa kusini, kwa sababu tunadhani vitu hivi vinahitaji mitambo. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2016: zahanati 24, wagonjwa 573, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapakuwa na intaneti wala baridi yabisi katika habari ile, lakini palikuwa na mtu aliyefunzwa, mpangilio wa vikao, na kazi ya kwenda nayo nyumbani. Simu ya dada wa Ngamiani ni benchi hilohilo, limerefushwa tu hadi Dar es Salaam.

Binti_Pongwe

Naomba niingilie kidogo upande wa siri, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kabla ya kulipa, ulizeni huduma hiyo inahifadhi wapi mazungumzo yenu, nani anaweza kuyasoma, na ukiacha watayafuta au la. Asiyeweza kujibu maswali haya matatu kwa Kiswahili kinachoeleweka, mwacheni. Muulizeni pia mwanasaikolojia amesomea wapi na amesajiliwa wapi. Mtu makini haoni kero kuulizwa.

Halafu kuna siri ya nyumbani ambayo sheria haiwezi kuilinda. Simu ya mama katika nyumba nyingi ni ya watoto kuchezea. Rekodi za sauti za dada Cherehani zingeweza kuchezwa na mtoto mbele ya wageni.

Cherehani_Ngamiani

Zilichezwa. Mwanangu wa mwisho aliicheza moja wakati shangazi yake yuko kwenye chai. Bahati nzuri nilikuwa nikizungumzia magoti tu. Tangu siku hiyo nimeweka namba ya siri na ninafuta kila baada ya kikao.

Mzee_wa_Muheza

Nimewasoma nyote, na ninaondoa neno langu la mwiba, kwa sababu Muuguzi amelijibu kwa haki. Hata hivyo, bado nina shaka moja. Binti yangu mshonaji alipona moyo alipopewa daftari la michango. Wanawake wa mtaa wake ndio waliomtibu. Mwanasaikolojia alimwambia tu aende, na hilo hata mama mkwe angeweza kumwambia.

Cherehani_Ngamiani

Mama mkwe aliniambia, mzee wangu, na si mara moja. Aliniambia nijikaze niende, nami nilikwenda nikaketi jamvini nikarudi nikilia. Tofauti ni kwamba huyu aliniuliza kwanza nitakwenda kufanya nini nikifika, tukahesabu pamoja kazi ambazo hazihitaji vidole, tukapanga nitaondoka saa ngapi, na wiki iliyofuata akaniuliza ilikuwaje na kunisikiliza hadi mwisho. Lakini sitabishana nawe kwamba wanawake wale wana sehemu yao kubwa. Wangenipokea vibaya siku ile, sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kuandika hapa.

Kijana_wa_Chumbageni

Dada, nimeongea na mama, na nimekubali kujaribu tena, mara hii na mtu. Nina swali dogo la utaratibu. Na mimi nimeanzishiwa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, na siku inayofuata huwa sifai kwa lolote: kichefuchefu na kichwa kizito. Wameniuliza ninataka kikao siku gani. Wewe ulipangaje?

Cherehani_Ngamiani

Mdogo wangu, nimefurahi mno. Mimi vidonge ninavimeza Ijumaa usiku baada ya chakula, ili ile Jumamosi mbovu nilale. Kikao changu kilikuwa Jumanne, ambayo kwangu ndiyo siku yenye nguvu kuliko zote, na kazi ya nyumbani niliifanya Jumatano na Alhamisi kabla hamu haijapoa. Hicho kichefuchefu mweleze daktari wako, na umuulize kuhusu foliki asidi kama hukupewa. Wewe asubuhi mgongo umekaza, kwa hiyo usikubali saa za asubuhi hata wakisema ndiyo nafasi pekee. Saa kumi jioni pale Raskazone pana kivuli kizuri, na bajaji kutoka Chumbageni ni karibu kuliko kwangu. Chukua tu vifaa vya masikioni, kwa sababu upepo wa pale haumwachi mtu akamaliza sentensi.